Likizo ya Coaster Moshi–Lushoto–Tanga: ulizeni dereva kwanza, AC baadae

Wale mlioniuliza kuhusu ile safari ya Coaster ya siku nne, Moshi–Lushoto–Tanga na kurudi, ile inayotangazwa sana kwenye magrupu ya watsapu kila Pasaka na Desemba ikikaribia, nimeenda nayo nikiwa na mama na mama mkubwa kwahiyo naandika nilichokiona mwenyewe. Jibu fupi ni nendeni, ila hakikisheni dereva ni yule tuliyepewa sisi, akiwa mwingine mi simdhamini mtu. Jina la kampuni siliweki hapa maana yapo mabaya yao nitayasema na bado tunadaiana hela ya chumba, ila watu wa Moshi mkiona tangazo mtawajua tu.

Bei ilikuwa 380,000 kwa kichwa. Humo kuna usafiri, kulala usiku tatu, chai ya asubuhi na viingilio vya sehemu mnazotembelea. Mchana na usiku unakula kwa hela yako. Ukijumlisha nauli za kawaida, bajaji, gesti na usumbufu wa kuburuza mabegi ukiwa na wazee wawili, mi naona ni bei ya haki. Gari ni Coaster ya siti 29, viti vimeshonwa upya, AC inafanya kazi, sehemu za kuchajia simu zipo japo za nyuma kule zilikuwa zimekufa, TV iliwaka mpaka Mwanga ikazima na hakuna aliyeiulizia tena. Ya gari yanatosha hayo.

Habari yenyewe ni dereva.

Ni baba wa makamo, hamsini na kitu hivi, Mpare wa Usangi. Tulipofika pale tunapopandia saa kumi na mbili kasoro tukamkuta kashafika zamani, gari imeoshwa, kavaa shati jeupe limenyooshwa, mabegi anayapanga mwenyewe na utingo anampokeza tu. Wazee akawasalimia mmoja mmoja, shikamoo mama, anasubiri aitikiwe ndio anaenda kwa mwingine. Alafu kabla hatujang'oa akapita siti kwa siti na kadaftari kake anauliza kwa sauti ya chini kabisa ambayo jirani hasikii, "mama yangu unatumia dawa ya presha, ile inayokupeleka haja ndogo mara kwa mara? Goti linakusumbua? Kona zinakutapisha?" Anaandika, anaenda mbele.

Kwa mama mkubwa lile swali lilikuwa kubwa kuliko AC na TV na kila kitu. Ana presha, vidonge vyake vinamtoa mbio, na kwa miaka mingi amekataa safari za mbali kwa sababu kwenye mabasi ya kawaida ukiomba gari isimame konda anakufokea mbele za watu, mtu mzima na wajukuu zako. Huyu baba alikuwa na vituo vyake kichwani, Mwanga, Same, Hedaru, Mombo, na kila kituo anajua choo kipi kina maji na kipi mwenyewe anadai mia tano na bado ni kichafu. Wenye kutapika akawaleta mbele, wenye magoti akawapa siti za pembeni mwa njia wanyooshe miguu, sisi vijana tukasogezwa nyuma, na wala hakuna aliyenuna maana alivyoomba aliomba kistaarabu. Tulivyofika Same mama mkubwa ameshaanza kupiga stori na watu asiowajua. Mama akaniangalia tu.

Mi kazi hii naijua kidogo kwa sababu baba yangu aliendesha kombi za watalii Arusha miaka ya sabini. Enzi hizo wageni wengi walikuwa wanatua Nairobi wanaingilia Namanga, uwanja wa ndege wa KIA wenyewe umefunguliwa 1971, sasa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyovunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka 1977 biashara ile ikaanguka, madereva kibao wakarudi kihambani kwenye kahawa na migomba, baba akiwa mmoja wao, na mpaka ukaja kufunguliwa tena 1983. Lakini kadi za Krismasi ziliendelea kuja posta miaka na miaka baada ya hapo, kutoka kwa wageni aliowabeba, na bahasha zimeandikwa jina lake yeye, sio la kampuni. Kampuni yenyewe ilishakufa.

Ndio maana nikaja kupenda kusoma habari za likizo za mabasi za Uingereza baada ya Vita vya Pili, maana kule unaona kabisa jinsi dereva alivyoweza kuwa ndio biashara yenyewe. Fikiria, vita imeisha 1945, petroli bado ni ya kuponi mpaka Mei 1950, gari binafsi wanalo wachache, na kuna sheria ya 1938 iliyosukuma wafanyakazi wapate likizo yenye malipo ila vita ikaja kabla watu hawajaifaidi. Kwahiyo una watu wa viwandani wana wiki yao ya likizo na hela kidogo mfukoni na hawana usafiri. Wakajaa kwenye mabasi ya utalii. Kampuni kama Wallace Arnold ya Leeds, ambayo ilikuwepo tangu 1912, ilikuwa inawabeba kwenda Scotland na Devon na kwingine, mnalala hotelini, mnatembezwa, na katika safari za namna hiyo mara nyingi ni basi lile lile na dereva yule yule tangu mnapotoka nyumbani mpaka mnarudi.

Gari lililotamba miaka ile ni Bedford OB lenye bodi ya Duple Vista, boneti imetokeza mbele, injini ya petroli silinda sita, siti 29. Ndio, 29 kama Coaster yetu. Gia zake dereva lazima alinganishe mzunguko wa injini kwa sikio na mguu, akikosea zinasaga basi zima linasikia. Na mwendo ulikuwa umefungwa na sheria, maili 30 kwa saa, kama kilomita 48 hivi, mpaka 1961 ndio ikapandishwa kuwa 40. Kwa mwendo huo huwezi kumuuzia mtu uharaka. Unamuuzia milima, ziwa, kituo cha chai, na huyo mtu aliyeshika usukani anayejua kile kijiji kina nini na lile ngome lilikuwa la nani. Dereva ndio mwongozaji, ndio mbeba masanduku, ndio anayejua bibi yupi hapandi ngazi. Wakati wa joto unamkuta na koti refu jeupe na kofia yenye juu nyeupe, kifuani ana beji ya duara yenye namba yake, ya dereva ukingo mwekundu, ya konda kijani, kwahiyo abiria akitaka kumlalamikia au kumsifia anaisoma tu. Mwisho wa safari kofia inazungushwa watu wanaweka walichonacho, na wapo waliokuwa wakikata tiketi ya mwaka unaofuata wanauliza kwanza kama ni yeye tena.

Scotland kuna sehemu kwenye njia ya Braemar palikuwa na kona mbili za kujikunja zinaitwa Devil's Elbow, mabasi ya utalii yalikuwa yanazipanda na abiria wao mpaka baadae barabara mpya ikazikwepa. Sisi tuna Soni, kwenye njia ya kupanda Lushoto, na hatujaikwepa.

Kutoka Mombo, ambapo joto linakukaba koo, unapanda kama kilomita 30 na kidogo mpaka Lushoto, kutoka kama mita 400 hadi karibu 1,400, njia nyembamba, huku mwamba huku korongo, malori ya kabichi na karoti yanashuka yameshindiliwa, bodaboda wanakata kona kimya kimya bila honi. Dereva wetu alisimama kwanza Mombo watu wakala wakajisaidia, akakagua maji na tairi, alafu akazima AC akasema "wazazi wangu fungueni vioo mpate hewa ya mlimani, na gari nayo inipe nguvu". Mi nikahamia kiti cha utingo pale mlangoni nimwangalie vizuri. Gia anaishusha kabla ya kona, sio akiwa ndani ya kona. Honi mbili fupi, anasikilizia kama kuna wa kujibu, ndio anaingia. Kuna sehemu tukakutana uso kwa uso na fuso la mboga, dereva wa fuso kijana, anawasha taa kwa hasira, huyu baba wala hakubishana, akamtuma utingo ashuke, akatoa kichwa dirishani akarudi nyuma taratibu mpaka kwenye upana, utingo anagonga bodi, njoo, njoo, njoo, hapo hapo mzee. Fuso likapita akalipungia mkono. Mle ndani wamama hawakuacha hata kupiga stori, hawakujua kama kuna kitu kimetokea, na mi naona huo ndio ufundi wenyewe.

Kushuka, siku ya tatu asubuhi, ndio alinimaliza kabisa. Karibu njia nzima yuko gia ya pili, breki anagusa anaachia, anagusa anaachia, hakai juu yake. Soni pale kwenye maporomoko akaegesha tupige picha. Watu wote wanaangalia maji, mi namwangalia yeye, anazunguka tairi moja moja, anachuchumaa, anasogeza mgongo wa mkono karibu na rimu bila kugusa, anasikilizia joto. Ya nyuma kushoto akairudia. Alafu akanyanyuka akatangaza kwa furaha kabisa kwamba hapa mafyulisi na plamu ni bei rahisi kuliko Mombo, wazazi msiwe na haraka, nunueni. Basi wamama wakaingia kwenye mafyulisi, tukakaa pale muda mrefu, na breki zikapoa. Hakumtisha mtu. Nilivyomuuliza baadae pembeni akacheka akasema umeona eh, we mtoto wa dereva.

Lushoto kwenyewe ni pazuri, sina la kuongeza sana. Tulipelekwa Irente kuangalia bonde lote la Mazinde kule chini, tukanunua jibini na jamu, tukazunguka mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, baridi ya jioni inataka sweta, bebeni. Hoteli ilikuwa safi na maji ya moto yapo. Hiyo reli tuliyopishana nayo njiani ya kutoka Tanga dereva ndio alitueleza kwamba ilifika kwanza Mombo, baadae sana ndio ikafika kwetu Moshi, 1911, na alieleza bila maikrofoni, anageuza shingo kidogo tu tukiwa tumesimama, gari ikiwa inatembea haongei kabisa. Ukimuuliza kitu barabarani anakujibu "tukifika mama", na akifika kweli anakujibu.

Sasa baya la kampuni. Usiku wa kwanza Lushoto, kama saa nne, nimetoka nje kutafuta mtandao nikaona mwanga wa simu ndani ya Coaster. Dereva na utingo wamejikunja siti za nyuma na mashuka ya kimasai. Hawakupewa vyumba. Wanapewa posho ya kula na kulala kwa pamoja, ndogo, ambayo ukilipia gesti hauli na ukila haulali, kwahiyo wanalala garini hela ipelekwe nyumbani. Na aliponiona akaanza kumtetea tajiri, oh biashara ngumu, oh mafuta yamepanda. Mi niliumia sana. Huyu ndio kesho yake anatakiwa atutembeze milimani, keshokutwa atushushe Soni wazee ishirini na kitu, na usiku kucha yuko kwenye siti ya Coaster kwenye baridi ya Lushoto!

Asubuhi nikawaambia wamama mezani kwenye chai. Hamna aliyemaliza chai yake kwa amani. Tukachanga pale pale wakapata chumba usiku wa pili, na Tanga pia tukalipia, na hiyo ndio hela tunayowadai ofisi mpaka leo, wanasema hatukupata kibali chao. Kibali cha dereva wenu kulala kitandani.

Uingereza sheria ya barabara ya 1930 ilishaandika kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa 5 na nusu mfululizo, asizidishe saa 11 ndani ya saa 24, na apate saa 10 za kupumzika. 1930! Na mabasi ya utalii yakija kulala, mara nyingi hoteli zilijua kuna chumba cha dereva, hata kama ni kile kidogo cha juu karibu na paa. Kwetu nako sio kwamba hakuna sheria, safari ikizidi saa 8 wanatakiwa madereva wawili, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wameweka mfumo wa kufuatilia mwendo, trafiki wako na tochi zao kila baada ya kijiji. Lakini ile mitambo inajua gari ilikuwa spidi ngapi pale Hedaru, haijui dereva alilala wapi. Hilo mnaoweza kulijua ni nyie abiria, mkiuliza.

Na huyu baba kumbe ni deiwaka. Yani hajaajiriwa, anaitwa safari ikiwepo, analipwa kwa safari, ikikosekana anakaa. Kampuni inajitangaza "madereva wetu wazoefu" na huyo mzoefu hana mkataba wala bima. Tulipokuwa tunarudi, Segera pale tunanunua maji, simu yake ikaita ni bosi, kesho yake saa kumi na moja alfajiri apeleke wanafunzi Ngorongoro. Sisi wenyewe Moshi tulitegemea kuingia saa mbili usiku. Akawa anaitikia tu ndio bosi, sawa bosi. Kuna mama mmoja tulikuwa nae, muuguzi mstaafu, mpole kweli kweli safari nzima, akaomba ile simu. Akaongea na bosi kwa sauti ya wodini, hakupandisha, akamwambia baba huyu mtu amechoka, mi nimefanya zamu za usiku najua macho ya mtu aliyechoka, na hao ni watoto wa watu. Akarudisha simu. Baada ya nusu saa ikaja meseji kwamba wamepata dereva mwingine wa wanafunzi. Nawapa sifa kwa hilo, walisikiliza.

Tanga niseme kwa kifupi maana na wao walitupa kwa kifupi. Waja leo waondoka leo, ndio ilivyokuwa. Tumefika mchana, mapango ya Amboni jioni haraka haraka, mwongozaji wa pale yuko vizuri sana ila wenye magoti wajue kuna sehemu za kuinama na kupita kwenye giza, wakae nje kwenye kivuli kama wamama zangu. Usiku samaki wa kukaanga, mzuri. Asubuhi kidogo Raskazone kuangalia bahari na safari ya kurudi ikaanza. Hoteli ya Tanga ilikuwa mbaya, feni inapiga kelele, choo kinavuja, na vyumba walivyoweka oda vilipungua watu wakabanana watatu watatu. Mi ningeshauri kampuni ipunguze usiku mmoja wa Lushoto au iongeze siku ya tano, mtu akitoka Moshi kuja baharini anataka hata aloweke miguu mchana mzima. Muheza tulisimama machungwa, kila mtu na kiroba chake, dereva akavipanga chini ya siti kwa namna kwamba hata kimoja hakikubingirika mpaka nyumbani.

Tulipovuka Mwanga mama mkubwa akatoa kanga yake akaizungusha siti kwa siti, hakuna aliyemwambia afanye hivyo na hajui chochote kuhusu kofia za Waingereza. Ikapatikana laki mbili na kitu. Akampa tukiwa tumesimama Njiapanda, utingo naye akatengewa yake. Baba wa watu akavua miwani akafuta, akasema asanteni wazazi wangu, akairudisha miwani akaingiza gia.

Maksi zangu: gari 7 kwa 10, hoteli ya Lushoto 8, hoteli ya Tanga 3, ofisi 5, dereva 10 na asipewe mtu mwingine hizo kumi. Kama mna wazee mnataka kuwatoa nyumbani, hii safari inawafaa kuliko nyingi nilizoona, mradi mkilipia muulize mambo mawili kabla ya hata kuuliza AC: dereva ni nani, na analala wapi. Wakianza kuzunguka zunguka kwenye hilo la pili, waambieni mtaongeza elfu kumi kila mmoja iwe ya chumba chake na cha utingo, na iandikwe kwenye risiti, maana ya mdomo mi nimeona inavyoisha. Siti za mbele kulia ndio nzuri kwa anayeogopa kona. Watoto chini ya miaka mitano nisingewapeleka, kukaa kwenyewe kwingi.

Pasaka wanaenda Bagamoyo. Mama mkubwa ameshatanguliza nusu, laki na tisini, na kawalazimisha pale ofisini waandike nyuma ya risiti kwamba dereva akiwa mwingine anarudishiwa hela yake yote. Wameandika na kupiga muhuri.